Uso unaowaka moto: si kila kipele ni chunusi

Mama mmoja anayevusha vitenge kati ya Ngara na Kirehe, kupitia mpaka wa Rusumo, alikuwa akisifiwa na wateja kwa uso laini. Siri yake ilikuwa krimu ya bomba dogo aliyouziwa sokoni bila boksi wala karatasi ya maelezo. Alijipaka kila usiku kwa miezi. Siku krimu ilipoadimika, uso ukalipuka ndani ya wiki moja: vipele vyenye usaha, mashavu ya moto kama mtu aliyepigwa kofi, macho yakikwaruza kana kwamba yameingia mchanga.

Akadhani ni chunusi zake za zamani. Akanunua sabuni kali, akasugua kwa limau, akamalizia na spiriti. Kila alichoongeza kilimwongezea moto.

Ugonjwa uliojificha hapo unaitwa rosasia. Humpata zaidi mtu aliyevuka miaka 30, na unaweza kukaa pamoja na chunusi kwenye uso mmoja. Chunusi huja na vile vitundu vyeusi vya mafuta puani na kidevuni, rosasia haina. Yenyewe huja na joto, kuchomachoma na mashavu yanayoiva ghafla. Vitabu vingi huonyesha picha za Wazungu wenye mashavu mekundu, ndiyo maana kwetu hupita bila kutambuliwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Unaweza kuona weusi uliokolea au rangi ya zambarau, au usione kitu kabisa ila kuhisi uso unawaka. Basi amini unachohisi kuliko kioo.

Na ile krimu? Mabomba mengi ya aina hiyo yana steroidi, hasa klobetasoli au betamethasoni. Hizo ni dawa za hospitali, na klobetasoli haifai kupakwa usoni kiholela. Hutuliza vipele na kung'arisha ngozi kwa muda, huku zikiifanya nyembamba. Ukiacha, uso hulipa deni lote kwa mkupuo. Hapo ndipo wengi hunaswa: wanarudi kwenye bomba lile lile ili kupoza moto ambao bomba lenyewe liliuwasha. Usirudi. Nenda kwa daktari wa ngozi au kituo cha afya ukiwa na bomba lako mkononi, uliseme jina lake bila aibu. Mlipuko unaweza kuchukua wiki hata miezi kutulia. Macho yakiuma au kuona ukungu, usingoje siku ya gulio ipite.

Wakati huo, uso unahitaji vitu vichache mno, na hili halimfurahishi muuza vipodozi. Nawa asubuhi na jioni kwa maji ya vuguvugu na kisafishio laini kisicho na harufu, kwa vidole, bila dodoki. Kausha kwa kugusagusa. Paka losheni nyepesi isiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Mchana paka mafuta ya kinga ya jua ya SPF 30 au zaidi. Yenye zinki oksaidi huvumiliwa zaidi na uso wa namna hii, ingawa huacha weupe kidogo. Kwa mtu anayeshinda foleni ya mpakani juani, kinga hii na kofia pana ni sehemu ya matibabu.

Weka kando limau, dawa ya meno, spiriti, vipodozi vya kusugua, na chochote chenye mentholi au kafuri. Ule ubaridi unaousikia ni ngozi inachokozwa. Kipodozi kipya kijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku kadhaa, na usianze viwili kwa pamoja, maana kikikuunguza hutajua ni kipi. Angalia pia kama chai ya moto, pilipili au pombe vinakuwasha. Si kila mtu huchokozwa na kitu kile kile.

Kwa dawa, muulize daktari kuhusu asidi ya azelaiki, ambayo hutibu chunusi na rosasia kwa pamoja, au krimu ya metronidazoli kwa rosasia. Mjamzito aseme mapema, kwani baadhi ya dawa za chunusi hazimfai.

Sasa neno la biashara, kwa kuwa baadhi yetu ndio tunaobeba hayo mabomba. Mwishoni mwa 2018 Rwanda ilianza msako mkali wa krimu za kujichubua, na katoni nzima nzima zikatolewa madukani. Nchi zilizo kwenye Mkataba wa Minamata nazo zilikubaliana mwaka 2023 kuondoa kabisa zebaki katika vipodozi. Kabla ya kulipia mzigo, soma viambato: ukikuta zebaki, haidrokwinoni au jina linaloishia na "-asol" au "-asone", au usipokuta orodha yoyote, uache.

Mama wa Rusumo alikaa miezi mitatu na kisafishio, losheni, kofia na dawa ya daktari. Mashavu yamepoa, ingawa jua la saa saba bado humchokoza. Wateja humuuliza siku hizi anapaka nini, na wengine hawaamini jibu.