Pembe za Ndovu Zilizopita Gilgil

Asafiriye leo kutoka Naivasha kwenda Nakuru huipita Gilgil pasipo kukumbuka ya kuwa bonde hili lilikuwa njia ya pembe za ndovu. Kabla ya reli kufika Kisumu mwaka 1901, misafara ya Mombasa na Pangani ilipanda hadi Ziwa Naivasha, ikavuka Mto Gilgil, ikapita Elmenteita na Nakuru, hata Njemps karibu na Ziwa Baringo. Huko walipiga kambi, wakanunua pembe kwa shanga, nguo na waya. Aliyesifika miongoni mwao ni Jumbe Kimameta wa Pangani, aliyefuatana na Joseph Thomson katika safari ya 1883, na baadaye na Teleki mwaka 1887.

Kurudi ndiko kulikokuwa kazi. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani ratili 70, na pembe ya ndume mkubwa yaweza kuupita uzani huo. Njaa na ndui viliwamaliza wengi kabla ya kuiona pwani.

Kwa hakika, pembe si pembe. Ni jino la mbele la taya la juu, nalo hukua maisha yote ya mnyama. Kama theluthi yake imezama katika fuvu, hivyo mwindaji atakaye pembe nzima sharti amwue ndovu. Mwenyewe hulitumia kubandua magome ya miti na kuchimba mchanga wa mito iliyokauka, apate maji. Wanyama wengine huja kunywa baada yake. Katika mapango ya Mlima Elgon hukwangua mawe kwa pembe, atafute chumvi.

Watu walitaka mengine. Kule Pate ilichongwa siwa, baragumu la wakubwa, ambayo ni fahari ya Jumba la Makumbusho la Lamu. Bara Hindi ilitaka bangili za maharusi. Marekani ilitaka vibao vya piano, na mji wa Ivoryton katika Connecticut ulipata jina lake kwa biashara hiyo. Pembe ya Afrika Mashariki ilipendwa kwa kuwa ni laini, haipasuki upesi. Kwa hiyo ilifaa pia kwa tufe za mchezo wa biliadi. Ni ajabu kwamba mchezo wa jioni ulihitaji mnyama mkubwa kiasi hicho afe.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Julai 1989 Rais Moi aliwasha moto tani 12 za pembe mjini Nairobi, na Oktoba mwaka huo mataifa yaliyokutana Lausanne yakakubaliana kuzuia biashara yake duniani. Tarehe 30 Aprili 1916 hakuna aliyeota jambo hilo. Miaka mia baadaye, siku hiyo hiyo ya 2016, tani 105 zilichomwa katika mbuga ya Nairobi. Pembe haishiki moto kwa urahisi, ikabidi zimwagiwe mafuta mengi.