Watamani pweza sebuleni? Anza na fulu wa hapa nyumbani

Je, msomaji, umewahi kumwona pweza kwenye televisheni akifungua chupa au akibadilisha rangi upesi kuliko kinyonga, watoto nao wakakurai umnunulie mmoja? Hauko peke yako. Ni nani asiyevutiwa na mnyama mwenye mikono 8 na mioyo 3? Lakini kabla ya kufungua mkoba, yafikirie haya.

Pweza na jamaa zake, ngisi na dome, ni wanyama wa bahari. Hakuna hata mmoja wa ukoo huo aishiye katika maji yasiyo na chumvi. Ukimtia katika maji ya Ziwa Victoria, au ya mfereji, atakufa. Mkazi wa Kisumu atalazimika kununua chumvi maalumu ya bahari (si ile ya jikoni), kuyapima maji kila mara na kutafuta kaa wa kumlisha. Kifuniko nacho sharti kifungwe kikiki, kwani pweza hana mfupa na hupita penye upenyu mdogo ajabu. Na baada ya gharama hiyo yote, pweza wengi hawafikishi miaka 2. Jike hulinda mayai yake bila kula, na yakishaanguliwa, hufa.

Basi mwachie mvuvi wa Mombasa pweza wake, nawe ugeukie ziwa lililo mlangoni pako. Humo mna fulu, samaki mdogo ambaye mara nyingi hazidi urefu wa kiganja. Dume hung'aa kwa rangi, na jike huyabeba mayai na vifaranga wake mdomoni. Zamani ziwa lilijaa mamia ya aina za fulu. Mbuta akaletwa katika miaka ya 1950 na 1960, akazaana kupita kiasi miaka ya 1980, na aina zinazokadiriwa kufika 200 zikatoweka. Baadhi yazo ziko hai leo ndani ya matangi tu, huko Marekani na Ulaya.

MAJI KABLA YA SAMAKI

Anza na tangi la lita 200. Maji peke yake yatakuwa na uzito wa kilo 200, kwa hivyo meza iwe imara. Usiliweke penye jua. Tumia maji ya mfereji yaliyolala wazi kwenye ndoo siku nzima ili klorini itoke. Usichote ya ziwani, kwani huenda yakakuletea kichocho.

Washa chujio, kisha uvute subira. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wa kuimaliza sumu hiyo huchukua wiki 4 hadi 6 kuzaana. Tia chembe chache za chakula kila siku ili wapate riziki. Wengi hushindwa hapa: hununua tangi Jumamosi, wakalijaza samaki Jumapili, na kufikia Jumapili inayofuata wanazika.

KUCHAGUA NA KUTUNZA

Ulizia kwanza katika ofisi ya uvuvi iwapo unahitaji kibali. Usichukue fulu wa Ziwa Kanyaboli kule Siaya, kwani ni kimbilio la aina adimu. Chagua samaki mwenye macho maangavu, mapezi mazima na asiyehema juujuu. Weka dume 1 na majike 4 wa aina moja, pamoja na mawe ya kujifichia. Ukichanganya aina watazaliana, na utapata machotara wasiojulikana asili.

Lisha kidogo, kiasi cha kumalizwa kwa dakika 2. Kila wiki badilisha robo ya maji. Chujio lioshe kwa maji uliyoyatoa tangini, la sivyo utawaua bakteria wako. Stima ikipotea, acha kulisha na ukoroge maji mara kwa mara.

Ukichoka kufuga, mpe mwenzako samaki hao. Usiwamwage ziwani kamwe, hata kama unadhani unawarudisha kwao. Mbuta naye alitiwa humo na mikono ya watu.