Jina la Kahawa ya Ituri: Maelezo Juu ya Chapa na Ada ya Unywaji

Makala haya yanaeleza namna chapa ya bidhaa inavyoweza kujengwa juu ya ada ya kupika na kunywa kahawa, kwa kuutazama mji wa Bunia, makao makuu ya jimbo la Ituri tangu 2015. Hoja yake ni moja: kahawa isiyo na jina huuzwa kwa jina la mwingine, na jina lisiloegemea ada ya watu halina mizizi.

Ituri hulima arabika katika nyanda za juu za Mahagi na Djugu, na robusta katika maeneo ya chini yaelekeayo msituni, kama vile Mambasa. Kilimo hicho kilidhoofishwa na ugonjwa wa kunyausha mibuni ya robusta, kisha na vita vya 1999 hadi 2003. Aidha, kwa miaka mingi magunia yamekuwa yakivushwa mpaka kwa magendo na kuuzwa kama kahawa ya Uganda. Mkulima wa namna hiyo hulipwa uzani tu. Thamani ya sifa huchumwa na wengine.

Suala la jina si geni katika historia ya kahawa. Mwaka 1753 Linnaeus aliuita mbuni mmoja Coffea arabica, kana kwamba asili yake ni Uarabuni, ilhali asili yake ni Ethiopia. Hali kadhalika, miche iliyotoka katika misitu ya Kongo iliuzwa Brussels mwanzoni mwa karne ya 20 na kampuni ya Linden kwa jina la Coffea robusta, yaani kahawa yenye nguvu. Jina hilo la kibiashara liliupendezesha mmea kwa wenye mashamba wa Java, ambao mibuni yao ilikuwa imeharibiwa na ugonjwa wa kutu ya majani. Hivyo mmea wa Kongo ulienea duniani kwa jina lililobuniwa na muuza miche.

Ada, kwa upande wake, ni utaratibu unaokifanya kinywaji kiwe tendo la kijamii. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, buni hukaangwa, hutwangwa na kuchemshwa. Kahawa chungu humiminwa kutoka katika dele kwenye vikombe vidogo, ikasindikizwa na tende au halua, huku mazungumzo ya baraza yakiendelea. Huko Bukoba na Buganda, buni za robusta zilichemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwazo, na katika Buganda zilitumika pia katika kufunga undugu wa damu. Msomaji atatambua kuwa katika mifano yote miwili kiini cha ada ni ukarimu, na kahawa ni chombo chake.

Bunia ina vifaa na msamiati wake. Kinu kitwangacho sombe chaweza kutwanga kahawa, na jiko la makala laweza kukaangia buni. Kiswahili cha huko, ambacho aghalabu hudondosha sauti h, huiita kahawa "kawa". Umbo hilo limekwisha kuingia sokoni: katika Kivu Kaskazini vipo vyama vya ushirika vya Kawa Kabuya na Kawa Kanzururu. Jina hili la pili lakumbusha nzururu, yaani theluji ya mlima Rwenzori. Hata hivyo, vyama hivyo huuza hasa buni kwa wanunuzi wa nje, ambako ndiko zinakokaangwa.

Bidhaa iliyokusudiwa kunywewa Bunia yenyewe ingehitaji umbo jingine. Buni mbichi iliyokaushwa vizuri hudumu kwa miezi, lakini kahawa iliyosagwa hupoteza harufu upesi. Kwa hiyo inafaa kuuza buni iliyokaangwa, haijasagwa, katika vifuko vidogo vya kutosha birika moja, ili kutwanga na kunukia kubaki nyumbani mwa mnywaji. Maelezo ya kifuko yangeandikwa kwa Kiswahili kinachosemwa mjini, pamoja na jina la eneo zilikovunwa buni hizo.

Uchaguzi wa lugha hapa si pambo. Ituri ina Kilendu, Kihema, Kialur, Kilugbara, Kibira na lugha nyinginezo. Baada ya vita vilivyowagawa majirani, jina lililochukuliwa kutoka lugha ya upande mmoja laweza kuwafukuza wengine. Kiswahili, lugha ya sokoni, chaweza kuwakusanya. Vilevile kuiga ada ya mbali, kwa mfano ubani na jebena ya Ethiopia, kungeleta maonyesho badala ya mazoea.

Kwa muhtasari, chapa njema haiundi ada. Huitambua iliyopo na kuipa jina ambalo wenyewe hulitamka bila kujikaza. Kahawa ya Ituri itakapopikwa na kutajwa Bunia kwanza, ndipo itakapovuka mpaka ikiwa na jina lake.