Neno «wima» na pesa za fundi

Katika koperative moja tulikopita, tulikuta mafundi wawili hawasalimiane. Ni juu ya presi ya mawese. Fundi sudere mmoja, naye ni memba, ndiye aliyeivumbua. Waliandikiana na komite: kila presi ya namna ile itakayotengenezwa na mtu mwingine kwa ajili ya koperative, yeye atapata kitu. Karatasi ilisema presi ina «mkono ulionyooka». Fundi wa pili akatengeneza tatu zenye mkono uliopinda kidogo. Komite ikasema: si ile, hatulipi.

Tukawasimulia kesi ya Uingereza. Kampuni Catnic ilikuwa na breve, ile karatasi ya serikali inayolinda uvumbuzi, juu ya linto ya chuma inayowekwa juu ya mlango ili kubeba ukuta. Breve ilisema bamba la nyuma linasimama «wima». Kampuni Hill & Smith ikatengeneza linto karibu sawasawa, ila bamba la nyuma liliinama digri 6, kisha 8. Ikajitetea: yetu si wima. Jaji wa kwanza aliipa Catnic haki, wale wa rufaa wakageuza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kesi ikaamuliwa mahali pa juu kabisa, kwa Lord Diplock na wenzake.

Diplock hakushikilia kipimo cha pembe. Aliuliza: mjenzi anayejua kazi yake akisoma neno lile, ataelewa kwamba mwandishi alitaka wima kamili, na kwamba kuinama kidogo tu kunatoa linto nje ya breve? Kwa digri 6, nguvu ya kubeba ilipungua 0,6 kwa mia. Kwa 8, ilipungua 1,2. Ukuta hauanguki kwa hiyo! Kwa mjenzi, hiyo ni wima. Catnic ikashinda.

Lakini tusidanganyane, si kila neno linalegezwa hivyo. Mwandishi akionyesha wazi kwamba kipimo fulani ni cha lazima, basi ni hicho, na asilalamike baadaye; ni yeye aliyeandika.

Sudere wetu hana breve. Hapa Congo breve zinafuata sheria ya tarehe 7 Januari 1982, na karatasi ya koperative ni mapatano tu. Hata hivyo swali la Diplock lilifaa. Tuliwauliza wamama wanaokamua: mkono uliopinda unabadilisha nini? Mmoja akacheka: «Mafuta ni yale yale, jasho ni lile lile.»

Komite imelipa presi mbili. Ya tatu ina skrubu mbili badala ya moja, na hiyo bado wanaibishania. Karatasi mpya inasema: «mkono ulionyooka au uliopinda, mradi unazungusha skrubu inayoshindilia ngazi».