Kenneth yupi? Rekodi za vimbunga vilivyochangia jina

Mei 2024 watu wa Diani, Msambweni na Vanga walikatazwa kuingia baharini. Tarehe 3 Rais William Ruto alilihutubia taifa, akaonya kwamba huenda Kenya ikakumbwa na kimbunga chake cha kwanza. Ufunguzi wa shule uliahirishwa, na serikali ikapiga marufuku uvuvi, kuogelea na shughuli zote za ufuoni. Kimbunga chenyewe kiliitwa Hidaya. Kesho yake kilifika Mafia, kikaishiwa nguvu. Kabla ya mwezi huo kwisha kilitokea kingine, Ialy, kikapita mashariki yetu na kutuachia upepo mkali na bahari iliyochafuka. Vyote viwili vilikuja baada ya Aprili, wakati msimu wa vimbunga katika sehemu yetu ya bahari huhesabiwa kuwa umekwisha.

Majina hayo mawili hatutayasikia tena. Nchi za kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi, Kenya na Tanzania zikiwamo, hupendekeza majina, na tangu msimu wa 2016/17 kila jina likishatumika huondolewa na kuwekwa jingine. Kaskazini ya ikweta, upande wa Omani na Somalia, nako jina hutumika mara moja tu. Katika Atlantiki na Pasifiki ya mashariki mambo ni tofauti: orodha huzunguka kila baada ya miaka sita, jina linarudi, na huondolewa pale tu kimbunga kinapoua au kuharibu kupita kiasi.

Ndiyo maana rekodi ya jina lililorudi mara nyingi zaidi katika Atlantiki inashikiliwa na Arlene, lililotumika mara 12 kati ya 1959 na 2023. Limedumu kwa sababu hakuna Arlene hata mmoja aliyeleta maafa ya kutosha kulifanya lifutwe.

Kwetu sisi jina la kuangaliwa zaidi ni Kenneth. Tarehe 25 Aprili 2019, wiki sita tu baada ya kimbunga Idai kuiangamiza Beira, Kenneth alipiga Cabo Delgado akiwa amekwisha kuumiza Komoro. Hakuna kimbunga chenye nguvu kama hiyo kilichokuwa kimerekodiwa kikitua Msumbiji. Lakini Pasifiki ya mashariki nayo ina Kenneth wake, na ni wakali: wa 2005, wa 2011 na wa 2017 wote walifikia daraja la nne kati ya matano. Tofauti ni kwamba hao walimalizia ukali wao baharini, mbali na watu, kwa hiyo jina likabaki kwenye orodha ya huko na 2023 likatumika tena. Kuna mtego mwingine. Mji uliotajwa sana katika habari za Kenneth wa Msumbiji unaitwa Pemba. Mtu wa Shimoni au Vanga akisikia Pemba, anafikiria kisiwa kilicho ng'ambo ya mkondo wake. Jina la kimbunga linachanganya, na jina la mahali linachanganya pia.

Kwa safari ndefu, mshindi ni John wa 1994, aliyekatiza Pasifiki kwa siku 31 na kwenda zaidi ya kilomita 13,000. Freddy wa 2023 alimpita kwa umri: Shirika la Hali ya Hewa Duniani limemthibitishia siku 36, tangu karibu na Australia hadi Msumbiji, alikotua mara mbili. Mvua zake ziliua zaidi ya watu 1,000 Malawi. John mwingine alipiga Australia Magharibi mwaka 1999, na mwingine tena akaifurikisha Acapulco mwaka 2024. Huyo wa mwisho ndiye aliyesababisha jina lifutwe katika Pasifiki ya mashariki.

Carol ni jina lililoumiza bahari mbili. Carol wa 1954 aliharibu kaskazini-mashariki mwa Marekani, na jina lake likawa la kwanza kuondolewa katika orodha ya Atlantiki. Tarehe 28 Februari 1960 Carol mwingine akaishukia Mauritius, upepo ukavuma kwa mikupuo ya kilomita 256 kwa saa.

Kinyume chake ni kimbunga kimoja chenye majina mawili. Jamaa zetu walioko Omani wanamkumbuka Shaheen, aliyetua huko tarehe 3 Oktoba 2021. Alianza Ghuba ya Bengal akiitwa Gulab, akavuka India kwa miguu ya mvua, akajijenga upya na kupewa jina jipya.

Kikubwa kuliko vyote katika kumbukumbu za visiwa vyetu, hata hivyo, hakina jina la kuchangia na chochote, kwa sababu bahari yetu ilianza kuvipa vimbunga majina Januari 1960. Tarehe 15 Aprili 1872, Sultani Barghash akiwa hajatimiza hata miaka miwili kitini, kimbunga kiliipiga Unguja. Meli zake zilizamishwa bandarini, majahazi yakavunjika, na karibu theluthi mbili za mikarafuu ya kisiwa zikang'olewa. Pemba ilinusurika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo ndiyo ikawa shamba kuu la karafuu. Cha Lindi cha Aprili 1952 nacho hakikuitwa chochote.

Nalitaja hili kwa sababu neno "cha kwanza" lilisikika sana mwaka 2024, na watu wa Kwale wakaambiwa wako salama kwa kuwa wako karibu na ikweta. Ni kweli kwamba karibu na mstari huo mzunguko wa dunia haupindi upepo vya kutosha kuuzungusha, na Diani iko nyuzi nne na kidogo tu kusini yake. Lakini Vamei, Desemba 2001, alizaliwa nyuzi 1.4 kutoka ikweta karibu na Singapore. Ulinzi tulionao ni mkubwa, ila si ukuta.

Na kwa kuwa majina huchanganya hivi, ombi langu kwa wavuvi, waongoza watalii na wote wanaosambaza tahadhari kwenye simu: msitume jina peke yake. Tumeni jina, mwaka na bahari.