Lehemu Isiyotoka Sahanini

“Daktari, mimi nyama naila Idi hadi Idi. Hiyo lehemu imepitia wapi?”

Kwa mtu wa Kondoa aliyekulia ugali wa uwele na mlenda, swali hilo ni la haki kabisa. Tumezoea kuihukumu sahani, kumbe sehemu kubwa ya lehemu, au kolesteroli kama wengi wanavyoiita, hutengenezwa na mwili wenyewe. Watazame Wamaasai, majirani wa Kondoa upande wa mashariki. Mwaka 1964 Mmarekani George Mann na wenzake walichapisha uchunguzi waliowafanyia Wamaasai wa Tanganyika: watu walioishi kwa maziwa na nyama, na bado lehemu katika damu yao ilikuwa chini. (Anayetaka kuitumia habari hii kutetea nyama choma ya kila Jumamosi akumbuke kwamba wenzake wale walikuwa wakitembea kutwa kucha nyuma ya ng’ombe.)

Jambo kubwa ni milango ya ini. Lehemu husafiri ndani ya damu ikiwa imefungwa katika vifurushi vya mafuta na protini, na ini huvinasa vifurushi hivyo kwa vipokezi vilivyoko juu ya seli zake. Michael Brown na Joseph Goldstein wa Dallas, Marekani, ndio waliovigundua vipokezi hivyo, wakapata Tuzo ya Nobel mwaka 1985. Kuna watu huzaliwa na hitilafu katika jeni ya milango hiyo. Aliyerithi nakala moja mbovu, na duniani ni kama mtu mmoja katika kila 250 hadi 300, ana nusu tu ya milango inayofanya kazi. Moyo wake unaweza kumsumbua angali na umri wa miaka 40. Aliyerithi mbovu mbili, kwa baba na kwa mama, ni nadra sana, kama mmoja katika 300,000. Huyo lehemu mbaya yake, yaani ile inayoziba mishipa, huweza kupita milimoli 13 kwa lita, wakati kwa mtu wa kawaida tungependa isizidi 3. Mishipa ya moyo wake huanza kuziba utotoni.

Mtoto wa namna hiyo ndiye hasa aliyetengenezewa tiba ya kuchuja damu.

Isichanganywe na mashine ya wagonjwa wa figo, kama zile za Hospitali ya Benjamin Mkapa pale Dodoma. Ile huondoa taka ndogo ndogo na maji yaliyozidi. Vifurushi vya lehemu ni vikubwa mno, havipiti kwenye chujio lake. Katika hii, damu hutolewa mkono mmoja, chembe zake hutengwa na majimaji yake, yaani plazima, kisha plazima hupitishwa kwenye mkebe uliojaa shanga ndogo sana. Anayechota maji kwenye kisima cha mchangani, Mto Bubu ukiwa umekauka, atadhani shanga zile ni mchanga wa kuzuia tope. Sivyo. Shanga zina chaji hasi, na protini ya kifurushi cha lehemu mbaya ina sehemu zenye chaji chanya. Vinanatana kama sumaku na msumari. Lehemu nzuri hupita salama, na damu hurudishwa kwa mkono wa pili. Zipo pia mashine zinazochuja kwa ukubwa wa matundu.

Kazi hiyo huchukua saa mbili hadi nne, na lehemu mbaya hushuka kwa asilimia 60 au zaidi. Mgonjwa anayemeza dawa za presha kama kaptoprili au enalaprili lazima aseme mapema, maana zikikutana na shanga hizo presha yaweza kuporomoka ghafla.

Tatizo ni kwamba ini halijapata milango mipya. Ndani ya siku chache lehemu huanza kupanda tena, hivyo mgonjwa hurudi kila wiki moja au mbili, maisha yake yote. Mashine zenyewe zimejaa zaidi Ujerumani na Japani. Hata kama moja ingekuwa Dodoma mjini, kilomita 160 hivi kutoka Kondoa, safari ya kila wiki ingekula zaidi ya kilomita 16,000 kwa mwaka.

Kwa hiyo wengi wenye nakala moja mbovu hatuwapeleki kwenye mashine. Vidonge vya statini, ambavyo havina makuu, huliamsha ini liongeze milango. Ila kwanza wajulikane. Dalili mojawapo ni vinundu vigumu kwenye kano ya kisigino, ambavyo mtu huvidhania ni vya viatu. Nikiletewa mtoto mwenye vinundu hivyo, nikishamaliza kumpima nawageukia waliomleta, baba na mama, na kuwaomba nao wavue viatu.