Fahamu: Mwandishi akifariki, nani huendeleza riwaya zake?

Stieg Larsson, mwanahabari wa Sweden, alifariki kwa mshtuko wa moyo Novemba 2004 akiwa na miaka 50. Riwaya zake tatu za kusisimua kuhusu mdukuzi Lisbeth Salander zilichapishwa kati ya 2005 na 2007, zikauzwa mamilioni ya nakala.

Nani alirithi?
Larsson hakuacha wosia halali. Aliishi miaka mingi na Eva Gabrielsson bila ndoa, na sheria ya Sweden haimpi mwenza wa namna hiyo urithi. Hakimiliki zilikwenda kwa baba yake na mdogo wake.

Nani aliziendeleza?
Kwa idhini ya warithi, David Lagercrantz, mwandishi wa kitabu cha maisha ya mwanasoka Zlatan Ibrahimović, alitunga riwaya tatu: 2015, 2017 na 2019. Gabrielsson alipinga hadharani. Baadaye kazi ilikabidhiwa Karin Smirnoff, aliyetoa riwaya yake ya kwanza ya Salander mwaka 2022.

Hadi lini?
Katika Umoja wa Ulaya, hakimiliki hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa Larsson, ni hadi mwisho wa 2074. Mwandishi anayejali hatima ya wahusika wake aandike wosia mapema, wenye mashahidi.